Panya Aliyeyashika Masharti ya Chatu

Paukwa.

Pakawa.

Hiyo pakawa ya nani? Mmeitikia kama watu waliotoka mazikoni. Haya, si kitu, hata ngano yenyewe si ya kuchekelea. Nina ngano.

Ilete.

Niilete imefungwa au imefunguliwa?

Imefungwa, tutaifungua wenyewe.

Vizuri. Angalau ninyi mna akili kuliko watu wa nyumba ninayotaka kuwaambia.

Hapo kale, na kale yenyewe si ya mbali sana, kulikuwa na nyumba moja huko Usukuma, nyuma ya vilima vya mawe, na ndani ya nyumba hiyo alikaa nyoka. Msiniangalie hivyo. Huko si kila nyoka anapigwa fimbo. Kuna watu wa ngoma ya nyoka, wanacheza naye mavuno yakiisha, na nyoka wa kuchezwa hukaa nyumbani kama mbuzi anavyokaa. Ana mahali pake na ana masharti yake. Nyoka wa nyumba hii alikuwa Chatu, mnene kama paja langu, na paja langu mnaliona.

Aliyemlea ni Bibi Nyanzobe. Alimchukua angali mdogo, wa kujikunja kwenye kiganja, akamlea mpaka akajaza sanduku la mbao. Na kila jioni akishakula, Bibi aliburuta kigoda chake mpaka kando ya sanduku, akawasemesha mwanawe Nkwabi na mkwewe Minza. Maneno yale yale. Sanduku lifungwe kamba, tena kwa fundo la kukaza, kwa sababu Chatu kila siku anakijaribu kifuniko kwa kichwa, na siku atakayokikuta kimelegea hatamwomba mtu ruhusa. Asilishwe ndani ya sanduku, ahamishiwe kwenye kapu lake la kulia, la sivyo atadhani kila anayefunua kifuniko amemletea chakula. Asibebwe na mtu mmoja. Macho yake yakigeuka meupe kama maji ya mchele, anataka kujivua gamba, basi asiguswe wala asipewe kitu. Mtoto asiachwe naye. Na mkono ulioshika kuku, au mbuzi, au panya, uoshwe kwa majivu kwanza, ndipo umguse.

“Chatu hana macho ya kuwajua ninyi,” Bibi alikuwa akisema. “Ana pua. Kikinuka chakula, kwake ni chakula. Hata kama ni mimi.”

Nkwabi aliitikia ndiyo mama, huku anawamba ngoma yake. Minza aliitikia ndiyo mama, huku anamnyonyesha mtoto wao Shija. Ndiyo mama, ndiyo mama, na hakuna aliyesikia.

Aliyesikia alikuwa ukutani.

Ukutani kulikuwa na tundu, na tunduni alikaa Panya na watoto wake. Mmoja aliitwa Chenga, wa pili Wishwa, wa mwisho Punje, kadogo hako, masikio makubwa kuliko kichwa. Panya aliyasikiliza masharti ya Bibi jioni zote, na aliyashika yote, kwa sababu kwao hao wengine yalikuwa maneno ya mzee, na kwake yeye yalikuwa habari za anayewala watoto wake.

Bibi Nyanzobe akafa. Akazikwa, watu wakala, wakaondoka. Kigoda chake kikatupwa juu ya kihenge cha nafaka.

Kapu la kulia likatoboka. Nkwabi akasema si kitu, akaanza kumlisha Chatu sandukuni. Hakuna kilichotokea. Chungu cha majivu kikavunjika. Minza akasema si kitu, maji yanatosha. Hakuna kilichotokea. Nkwabi akaanza kumbeba Chatu peke yake, shingoni, ili majirani wamwone. Akasema si kitu, mimi si mwanamume? Hakuna kilichotokea. Ndivyo mabaya yanavyoingia nyumbani, wajukuu zangu. Yanaingia kwa hakuna kilichotokea.

Kisha kikatokea. Walikuja wageni, Minza akanyonyoa kuku. Mumewe akamwita aje amshikie Chatu mkia, amwonyeshe kwa wageni. Minza akajifuta mikono kwenye kanga, akaja. Chatu akageuza kichwa taratibu, akatoa ulimi, akanusa. Pwaa! Mkono wa Minza ukawa kinywani. Chatu aling'ang'ania, na meno yake yameelekea ndani, ukivuta ndiyo yanazidi kuzama. Wakahangaika naye mpaka mgeni mmoja alipommiminia pombe kali mdomoni, ndipo akaachia. Nkwabi akasema hii ni kazi ya wachezaji wenzake, wamemwonea wivu, wamemharibia nyoka. Akaenda kutafuta dawa.

“Kuku,” akasema Panya ukutani. “Ni kuku tu.” Lakini nani anamsikia panya?

Tangu siku hiyo kuku wakawa wa wageni, na Chatu akawa wa kupewa panya. Nkwabi alitega mtego chini ya kihenge. Kwa! Akanaswa Chenga. Akashikwa mkia, akatupwa sandukuni. Panya akalia tunduni. Kwa! Akanaswa Wishwa. Akashikwa mkia, akatupwa sandukuni. Panya akalia tunduni, na safari hii hata machozi hayakutoka vizuri.

Na Chatu, je, alishiba? Nyoka mnene kama paja, unampa panya mmoja leo na mwingine Mungu akipenda. Hakushiba. Akawa analala na njaa na anaamka na njaa, na ulimi wake ukawa unatoka kwenye ufa wa sanduku, unanusa nyumba nzima. Unanusa kihenge. Unanusa mbuzi uani. Unanusa mkeka ambapo Shija alilazwa mchana, mdomo umejaa harufu ya maziwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Ngoma ya mavuno ikakaribia, na mkanda wa ngoma ya Nkwabi ukakatika. Akatazama huku, akatazama huku, akaiona kamba ya sanduku. Akaifungua, akaifunga kwenye ngoma. Akasema si kitu, nitatafuta nyingine.

Siku hiyohiyo, kabla hajaondoka kwenda mazoezini, akapita kwenye mtego. Mtego ulikuwa umenasa. Masikio makubwa kuliko kichwa.

Nkwabi akamshika Punje mkia, akafunua kifuniko, akamtupa ndani. Hakuangalia hata macho ya Chatu. Angeangalia angeyaona meupe kama maji ya mchele. Akaweka kifuniko juu, akachukua ngoma yake, akaenda. Minza akamlaza Shija mkekani, akatoka uani kutwanga. Pu, pu, pu.

Panya alibaki tunduni. Nyumba nzima ilikuwa imebaki na vitu vinne vinavyopumua, na kimoja kilikuwa sandukuni, chini ya Chatu, na kilikuwa ndicho peke yake alichobakiwa nacho duniani.

Chatu wengine wakishikwa na macho meupe hawali. Huyu alikuwa mlafi, angekula hata siku ya kufa kwake, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini gamba lilikuwa limembana, kichwa kinamuuma, kwa hiyo alimkalia Punje kwa mkunjo mmoja wa mwili wake, akamhifadhi. Atamla baadaye kidogo.

Panya akashuka ukutani. Tiki tiki tiki. Akapanda sanduku. Tiki tiki tiki. Akakuta kifuniko kimeinuka upande mmoja, upana wa kupita panya. Chatu alishakijaribu kwa kichwa na kukikuta chepesi. Panya akatazama uwazi ule, akatazama mkeka wa Shija, na yeye mwenyewe, pamoja na uchungu wake, akasikia baridi.

Akaingiza kichwa.

“Shikamoo, bwana mkubwa.”

Ndiyo, alimwamkia. Mngetaka afanye nini, amtukane? Ana mtoto chini ya tumbo lake.

“Marahaba,” akajibu Chatu. “Nani huyo? Sioni vizuri.”

“Ni mama.”

“Mama wa nani?”

“Mama wa Chenga. Mama wa Wishwa. Na mama wa huyo uliyemkalia.”

Chatu akafikiri. “Chenga simkumbuki,” akasema. “Wote mna ladha moja.”

Kisha akaanza kujisifu, maana wakubwa wakipata msikilizaji hawanyamazi. Akamwambia Panya kwamba huyu mtoto wake ni wa kuonja tu. Akamwambia kamba imeondoka, kifuniko ni chepesi kama ungo. Ameumwa na njaa vya kutosha, na leo gamba likishavuka, macho yakifunguka, anatoka. Pale mkekani kuna kitu kinanuka maziwa, na mama yake yuko uani anatwanga. Mpaka atakapomaliza kutwanga, na yeye atakuwa amemaliza.

Pu, pu, pu, uani.

Panya aliyasikia hayo yote. Sitawadanganya kwamba alimwonea Shija huruma. Labda kidogo. Alikuwa anasikiliza sauti nyingine, nyii, nyembamba sana, kutoka chini ya tumbo la Chatu. Na alipokuwa akiisikiliza, alimkumbuka Bibi Nyanzobe na kigoda chake. Chatu hana macho ya kuwajua ninyi. Ana pua.

“Bwana mkubwa,” akasema, “huyo ni mifupa na masikio. Mimi ni mnono, nimekaa kwenye kihenge tangu mwaka jana. Nile mimi, umwache yeye.”

“Sogea hapa basi.”

“Nitasogea. Ila usinile mbele ya macho yake. Niache nipande mgongoni mwako, niende mpaka mwisho kule, pembeni, mbali naye. Nikifika nitatulia kimya. Wewe nusa, ukinipata, uma. Sitakimbia. Nikimbilie wapi, na kwa nani?”

Chatu akasema sawa. Alisema sawa upesi, kwa sababu tumboni alishawahesabu wote wawili, mama kwanza, mtoto baadaye.

Panya akapanda. Akatembea juu ya mwili ule uliomla Chenga, uliomla Wishwa, na kila alipokanyaga alijiuliza ni hapa au ni pale. Alipopita kichwani na shingoni alitembea kwa ncha za kucha, asiache harufu. Alipofika mkiani akalala kifudifudi, akaanza kujisugua. Akasugua tumbo, akasugua shavu, akasugua mgongo. Suku suku, suku suku.

“Unafanya nini huko?” akauliza Chatu.

“Natetemeka, bwana mkubwa.”

Na alikuwa anatetemeka kweli. Akajikojolea pia, na hiyo haikuwa hila, ilikuwa hofu. Lakini mkojo wa panya unanuka panya kuliko panya mwenyewe, na wote ukabaki pale kwenye ncha ya mkia.

Kisha akaruka, akang'ang'ania ukingo wa sanduku, akanyamaza.

Chatu akatoa ulimi. Akanusa kushoto. Akanusa kulia. Akanusa kule mwisho, pembeni. Harufu ikamjia, nzito, ya moto, nono kama alivyoahidiwa. Akarudisha shingo nyuma.

Pwaa!

Alipata. Ncha ya mkia wake ilikuwa nyembamba, upana wa panya kamili. Akasikia maumivu makali, akashtuka.

“Mbona mkia unaniuma?” akasema kwa puani, maana mdomo ulijaa.

“Ni gamba linavuka, bwana mkubwa,” akajibu Panya. “Halikuumi kila mara? Meza.”

Akameza. Gubu.

“Mbona sauti yako iko juu, na wewe uko mdomoni?”

“Ni roho yangu inatoka, bwana mkubwa. Meza.”

Akameza. Gubu, gubu.

“Mbona huishi? Mbona u mrefu?”

“Ni uzazi, bwana mkubwa. Nimezaa sana, nimevutika. Meza.”

Akameza. Gubu, gubu, gubu. Na chatu akishashika chakula hujiviringisha akikaze, apate kukinyamazisha. Akajiviringisha. Alichokikaza kilikuwa yeye mwenyewe. Kadiri alivyokaza ndivyo kile chakula kilivyojitupa, na kadiri kilivyojitupa ndivyo alivyokaza. Akataka kuachia. Meno yameelekea ndani. Akataka kuuliza tena. Hakuna nafasi ya maneno.

Kwa kujinyoosha huko na kujikunja huko, ule mkunjo wa mwili uliomkalia Punje ukainuka. Panya akashuka, akamng'ata mwanawe ukosi, akapanda naye ukuta wa sanduku, akapita kwenye uwazi wa kifuniko. Tiki tiki tiki, mpaka tunduni. Hakugeuka kuangalia. Nyuma yake sanduku lilitikisika, dugudugu, dugudugu, likapiga ukuta, halafu likatulia.

Uani, pu, pu, pu. Mkekani Shija akajigeuza, akaendelea kulala.

Minza alipoingia alikuta kifuniko kimeanguka na Chatu amekuwa duara, mkia kinywani, macho yamebaki meupe. Alitazama sanduku, akatazama mkeka, akatazama hatua zilizoko kati ya hivyo viwili, ambazo hazikuwa nyingi. Akamnyanyua Shija, akakaa naye chini kabisa, sakafuni.

Nkwabi akarudi na ngoma begani. Alipoona, alilia. Alilia kwa sauti, majirani wakaja, wakaleta shuka nyeupe ya kumfunika Chatu, na wachezaji wa ngoma wakaja, wakasema hajawahi kuonekana nyoka kama huyu, na kwamba huu ni uchawi mkubwa. Chenga hakupata shuka. Wishwa hakupata hata kaburi. Lakini hayo ni ya ukutani, hayajadiliwi na watu.

Minza akangoja mpaka wote walipoondoka.

“Baba Shija,” akasema, “kamba ya sanduku iko wapi?”

Nkwabi akatazama ngoma yake. Mpaka leo hajajibu.

Tunduni, Panya alimlamba Punje mwili mzima, toka masikio mpaka mkia, akamtoa harufu ya sanduku. Mtoto alikuwa mzima. Alikula, alilala, alitembea. Ila hakulia tena. Ile nyii yake nyembamba ilibaki sandukuni, na mama yake alipomwita, aliitikia kwa kumtazama tu.

Mnasema imekwisha? Ningependa iishe. Ngoma ilikuwa inakuja, na mchezaji hawezi kutoka mikono mitupu. Nkwabi akaenda vilimani, akarudi na chatu mwingine, mdogo, mzuri, wa kujikunja kwenye kiganja. Shija akacheka alipomwona. Minza akauliza tena habari ya kamba. Nkwabi akasema huyu ni mdogo, hahitaji kamba. Si kitu.

Panya akaisikia si kitu ile. Akajua yote yatakayofuata, moja baada ya lingine, mpaka mtego chini ya kihenge. Sasa angefanya nini? Hila ile haifanyiki mara mbili, na mtoto amebaki mmoja. Akaona hakuna njia ila kuwaambia wenyewe. Kila jioni, saa ile ile ya Bibi, alisimama kwenye mdomo wa tundu, akayasema masharti yote kwa sauti yake yote. Fungeni kamba. Naweni kwa majivu. Mlisheni kapuni. Msimwache na mtoto. Fungeni kamba, jamani, fungeni kamba.

Nyii, nyii, nyii, nyii.

“Baba Shija,” akasema Minza, “panya wa nyumba hii wamezidi makelele.”

Nkwabi akakubali kwamba kweli wamezidi. Kesho yake akaenda kwa jirani, akarudi na paka.

Paka hafungiwi sandukuni. Paka hana macho meupe wala siku ya kujivua gamba. Na Bibi Nyanzobe, Mungu amrehemu, hakuwahi kusema lolote kuhusu paka.

Mnanyamaza nini? Nyamazeni tu, ila mafunzo lazima niwape, wazazi wenu wasije wakasema nawapotezea muda. Ngano hii inatufundisha kwamba mwenye nyoka nyumbani asijisumbue. Kamba ni ya ngoma. Majivu ni ya kutupa. Mzee akikaa kwenye kigoda akayasema yale yale, mwitikieni ndiyo bibi, ndiyo bibi, mradi asikasirike. Maana mmeona wenyewe: Shija yuko hai, nyumba imesimama, na hakuna kilichotokea.

Ngano yangu nairudisha sandukuni.

Umeifunga?

Kwa kamba ipi? Aliyelala karibu na sanduku asogee.